Mkate wa Jumapili ya Mfungo

Ukitaka kugombana na umpendaye, usimpeleke kwenye uwanja wa bata mzinga. Ndege hao wana tabia moja mbaya: mtu akipaza sauti tu, wanamjibu, wote kwa mkupuo mmoja, maelfu yao, na hata uwe na hoja nzito namna gani, mbele yao unakuwa kichekesho. Thayne Sorensen alilijua hilo tangu utotoni, maana alizaliwa katikati yao, katika bonde la Sanpete huko Utah, ambako baba yake alifuga bata mzinga kama babu yake alivyofuga. Lorin Haslam hakulijua. Yeye alikuwa mtoto wa viazi, kutoka Idaho, na viazi havimjibu mtu.

"Si ule tu huo mkate!" Lorin alifoka.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Lorin akaruka, ndoo ya chakula ikamponyoka, na ndege wa karibu wakamvamia miguuni.

"Nilikuambia usipaze sauti," Thayne alisema.

"Nimesema," Lorin alirudia kwa kunong'ona, masikio yamemwiva kwa baridi, "kula tu. Kipande chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe na nani?"

"Mimi na Mungu."

"Mungu anajua tayari, Thayne. Na asubuhi hii jua limechomoza vilevile."

Thayne aliinama kuokota ndoo. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, mwaka wa sabini na saba, na tangu jana jioni hakuna aliyetia kitu mdomoni katika nyumba ile, kwani ndivyo Wamormoni wafanyavyo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Njaa ilikuwa inamkwangua tumbo. Lakini njaa haikuwa shida yake kubwa.

Siku ya Jumanne alikuwa ameitwa kwenye ofisi ya maadili ya chuo. Chuo chenyewe kilikuwa cha kanisa, na miaka ile ofisi hiyo haikulala kwa kuwasaka vijana wa kiume waliopendana wao kwa wao. Kijana mmoja aliyepanga nyumba moja na Thayne na Lorin alikwenda kusema alichokiona, au alichodhani amekiona. Mtu wa ofisini alikuwa na sauti ya upole, na mezani ameweka boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Upole ule ndio uliomtisha Thayne. "Tutajie wenzako," mtu yule alimwambia, "na sisi tutakusaidia." Msaada wenyewe Thayne aliujua. Palikuwa na chumba cha chini kwenye jengo moja, ambako kijana alifungwa nyaya mkononi, akaonyeshwa picha, akachomwa umeme, ili moyo wake ujifunze kuogopa ulichokipenda. Jirani yao Dwaine alikwenda huko. Alirudi na alama mkononi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akicheka.

Thayne alikuwa na jina moja tu la kutaja, na jina hilo aliamka nalo na kulala nalo. Hakulitaja. Akasema hapana, asante, msaada wenu siutaki. Basi wakamfukuza, na masomo ya muhula mzima yakafutwa. Askofu wa wanafunzi, ambaye siku za kazi alikuwa daktari wa meno, alilia kuliko Thayne mwenyewe, kisha akamwambia kanuni: mpaka atakapoambiwa vingine, asiguse mkate wala maji ya sakramenti, na asiombe kanisani.

Ingekuwa kanisa jingine, labda mtu angejificha. Lakini kwao sinia la mkate hupitishwa kwenye benchi, mkono kwa mkono, jirani kwa jirani, na kila mmoja huchukua kipande. Ukilipitisha sinia bila kuchukua, umejitangaza. Mama yake atakuwa ubavuni pake. Na baba yake, ambaye siku sita za wiki ni mfugaji wa bata mzinga, siku ya saba ni askofu wa kijiji, na kiti cha askofu kiko mbele, kinatazama watu wote.

"Ungemwambia baba yako jana," Lorin alisema.

"Nilijaribu."

"Ulijaribu wapi? Mlikaa ghalani muda wote ule mkiongea habari za bomba lililopasuka."

"Sasa kwetu ndiko kujaribu huko."

Lorin alicheka kidogo, akajizuia kwa ajili ya ndege. Alikuwa na mwanya mbele, na kila alipocheka Thayne alisahau alichotaka kusema. Ndivyo ilivyoanza, vuli ya mwaka uliopita: Lorin aliingia nyumba ya kupanga na gunia la viazi begani, akauliza nani humu anajua kupika, na vijana watano wakatazamana. Akapika yeye. Thayne akamenya. Walipomaliza kumenya walikuwa marafiki, na kabla ya theluji ya kwanza hawakuwa marafiki tu.

"Sikiliza, Lorin," Thayne alisema, na sasa hakuwa anatania. "Wewe utakula."

"Eti nini?"

"Utakula mkate, utakunywa maji, utampa mama mkono, utarudi chuoni kama mtu aliyekuja kutembelea rafiki. Umebakiza muhula mmoja. Mei utavaa joho. Sikukutaja, unasikia? Nisije nikawa nimefunga mdomo wangu bure."

"Na baada ya Mei?"

"Baada ya Mei utapata kazi. Utarudi Idaho. Utaoa binti mmoja mwenye akili anayejua kuoka, mtapata watoto sita..."

"Thayne."

"...na wa kwanza utampa jina la baba yako..."

"Thayne! Unanioza kwa nani?"

Bata mzinga wakapokea. Kelele zilienda mpaka kwenye uzio wa mwisho zikarudi. Thayne hakutaka kucheka. Alicheka hata hivyo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yakishatoka hayakutaka kukoma. Lorin alisogea karibu, akasimama upande wa upepo kumkinga. Hakumgusa. Kutoka jikoni mtu angeweza kuwaona.

"Unanipenda?" aliuliza taratibu.

"Swali gani hilo la kuuliza mbele ya kuku?"

"Si kuku, ni bata mzinga. Wewe mwenyewe ulinisahihisha jana. Jibu."

"Nakupenda mpaka naona haya."

"Basi usinipangie maisha. Moyo wangu hukupewa uugawe."

"Kwa hiyo utakula?"

Lorin alimtazama. Macho yake yalikuwa ya kijivu, na asubuhi ile yalikuwa na kitu Thayne alichoshindwa kukisoma. Kisha akachukua ndoo, akaenda kumwaga kilichobaki.

"Nyie watoto!" Sauti ya mama ilitoka mlangoni. "Mtachelewa! Thayne, shati lako liko tayari!"

Na ndege wakamjibu na yeye pia.

* * *

Mama yake, Afton, alivaa gauni la buluu lenye ukosi mweupe, akakaa benchi la tatu kutoka mbele, mahali pake pa miaka yote. Thayne akakaa kulia kwake, Lorin akakaa kulia kwa Thayne, na upande wa pili wa Lorin akaja kukaa Dada Leora Madsen, mjane mwenye masikio mazito na macho makali mno.

"Wewe ndiwe rafiki wa chuoni?" Dada Madsen alimuuliza Lorin kwa sauti iliyosikika mabenchi matatu.

"Ndimi, Dada."

"Wa wapi?"

"Idaho."

"Nina binamu huko. Umechumbia?"

"Moyo wangu umeshachukuliwa, Dada Madsen."

"Vizuri. Mwanamume bila mwenzi ni nusu mkasi."

Thayne alitazama viatu vyake. Baba yake, Verl, alikuwa amekaa mbele, mikono mikubwa juu ya magoti, suti ikimbana mabegani. Alimwona mwanawe akamkonyeza kidogo, kama alivyokuwa akimkonyeza tangu akiwa mdogo, ili ajue kwamba hata askofu ni baba wa mtu. Thayne alitamani ardhi ipasuke.

Wimbo ukaimbwa. Vijana wakaumega mkate, wakaomba juu yake, na masinia yakaanza kutembea. Ukumbi ukanyamaza, ukabaki mkwaruzo wa viatu na mtoto mmoja akinung'unika njaa. Sinia likafika benchi la tatu. Mama akachukua kipande chake, akala, akamwelekezea Thayne sinia huku macho yamefumbwa nusu katika sala.

Thayne akalipokea. Mkate ulikuwa wa nyumbani; harufu yake ilimpanda moja kwa moja kichwani. Alilishika sinia kwa mkono wa kushoto, na mkono wake wa kulia ukabaki gotini. Alihisi mama akifumbua macho. Alihisi, kwa sababu pumzi ya mama ilikatika.

Akampa Lorin.

Kula, alimwambia moyoni. Kula, mpenzi wangu, kula uende salama.

Lorin alilipokea sinia. Alitazama mkate, akamtazama Thayne, si kwa wizi kama walivyozoea kutazamana kwa mwaka mzima, bali wazi, machoni, mbele ya kanisa zima, kama mtu amtazamavyo wake. Kisha akamgeukia Dada Madsen, akampa sinia. Hakuchukua kitu.

Dada Madsen alichukua kipande chake, akakiweka mdomoni, akasahau kutafuna.

Yalipokuja maji ilikuwa vilevile. Mama alikunywa. Thayne alipitisha. Lorin alipitisha. Thayne aliinua macho mara moja tu, akaona uso wa baba yake kule mbele. Verl Sorensen hakuwa amekasirika. Alikuwa anamtazama mwanawe, kisha Lorin, kisha mwanawe, polepole, kama ahesabuye mifugo jioni akakuta hesabu haikubali.

Ulipofika wakati wa watu kusimama mmoja mmoja na kushuhudia yaliyo moyoni, mama hakusimama. Miaka yote alikuwa wa kwanza. Watu wakamngoja kidogo, kisha mtu mwingine akainuka. Mama alitoa mkono wake, akaubandika juu ya mkono wa Thayne na kuukandamiza pale, na Thayne hakujua kama anafarijiwa au anazuiwa asitoroke. Kushoto kwake mkono wa mama ulikuwa wa baridi. Kulia kwake bega la Lorin lilikuwa la moto. Akakaa katikati, na katika hofu yake yote akaona jambo la ajabu: alikuwa na furaha. Aliogopa na alikuwa na furaha, na wala havikugombana.

* * *

"Ni msichana gani?" mama aliuliza.

Walikuwa jikoni, watatu. Baba bado alikuwa kanisani, maana askofu ndiye hufunga mlango. Rosti ilikuwa ndani ya oveni, na mama alikuwa anaponda viazi kwa nguvu ambayo viazi havikustahili.

"Mama..."

"Usinifiche, mwanangu. Wewe si wa kwanza kwenye bonde hili. Ni yule Carolyn mpiga fidla? Ana mimba? Kama ana mimba tutaongea na wazazi wake, mtaoana, basi. Harusi ya haraka haijaua mtu. Shangazi yako aliolewa kwa haraka na sasa ana wajukuu kumi na moja."

Ilimuuma Thayne kumwona anavyolitamani kosa lile. Alilitaka kabisa, alishaanza kulishonea gauni.

"Si msichana, mama," alisema.

Mama aliendelea kuponda. Mara mbili, mara tatu, kisha polepole, kisha akaacha. Aliinua uso, akamtazama mwanawe, na macho yakahama yenyewe yakaenda kwa Lorin, aliyesimama karibu na friji akiwa ameshika sahani ambazo hakuna aliyemwomba azishike.

"Aa," mama alisema. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Nilitaka kukwambia jana."

"Tangu lini?"

"Kuwa hivi, tangu nikiwa mdogo. Kumpenda Lorin, tangu mwaka jana."

"Na mimi nakuombea mke kila usiku."

"Najua, mama."

"Miaka yote hiyo! Mungu si angenistua tu, nikalala mapema?"

Lorin alitoa sauti fulani, nusu kicheko nusu kilio, na sahani zikagongana. Mama akamgeukia.

"Na wewe unacheka nini? Mama yako anajua?"

"Bado, Dada Sorensen. Nitampigia leo jioni."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu Dada Madsen ameniambia mlangoni pa kanisa kwamba binamu yake anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Nisipowahi mimi, atawahi yeye."

"Leora!" Mama aliupiga uso wake kwa kiganja. "Leora atakuwa ameshapiga, huyo. Hajafungua hata kinywa kwa chakula, amefungua kwa simu." Alitaka kucheka na akashindwa, machozi yakamtangulia. Thayne alipiga magoti mbele ya kiti chake, akamwegemezea kichwa mapajani, na mama akampapasa nywele kwa vidole vilivyopakaa viazi. "Sijui la kukwambia," alisema. "Nitafute nini cha kusema? Sijui. Sijui, mwanangu. Umekonda."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Verl aliingia, akavua kofia, akaitundika. Akanawa mikono kwenye sinki muda mrefu, akiwapa mgongo. Alipogeuka alikuwa anajifuta kidole kimoja kimoja.

"Uliambiwa usile," alimwambia Thayne.

"Ndiyo, baba."

"Kwa kosa gani?"

Thayne alisimama. "Nampenda Lorin."

Baba akakunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Na chuo?"

"Wamenifukuza. Walitaka niwatajie majina."

"Ukawatajia?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja, baba."

Baba alitikisa kichwa kidogo kukubali. Katika habari yote ile, hicho ndicho kipande cha kwanza alichokielewa, na Thayne alimwona akikishika. Kisha akamgeukia Lorin.

"Wewe umekatazwa mkate?"

"Hapana, Ndugu Sorensen. Kwangu hakuna anayejua kitu. Mpaka leo asubuhi hakuna aliyekuwa anajua, nasema."

"Basi kwa nini uliupitisha? Kule hatuchezi. Ule mkate ni mtakatifu."

"Sikucheza," Lorin alisema. Uso wake ulikuwa mweupe hata masikio, lakini hakuinamisha kichwa. "Thayne alikuwa hali. Alikuwa na njaa pale ubavuni mwangu, na hali. Ningekulaje peke yangu?"

Mama alishusha pumzi. Yeye ambaye tangu aolewe hakuwahi kukaa mezani kabla kila mtu hajapakuliwa, alimtazama kijana yule wa Idaho na sahani zake mikononi, na Thayne akaona kitu kikilegea kwenye uso wake.

"Umepoteza shahada yako kwa kipande cha mkate," baba alisema.

"Labda. Wakinifukuza, nitajua nimefukuzwa nikiwa na nani."

"Unajua ulichokifanya, kijana? Dada Madsen..."

"Tumeshamwongelea Leora," mama alidakia.

Baba alikwenda dirishani. Kule nje bata mzinga walikuwa wamejikusanya upande wa jua. Alikaa pale akiwatazama, na mabega yake mapana yakapanda na kushuka.

"Nisikudanganye, Thayne," alisema bila kugeuka. "Sikubaliani. Sikufundishwa hivi, wala sijui pa kuliweka jambo hili. Leo jioni lazima niwaambie wakubwa wangu wa kanisa nilichokiona, na pengine wataniondoa kwenye kiti kile, na wakiniondoa sitanung'unika. Nimekesha nikiwashauri watoto wa watu. Wangu amelala chumba cha juu na jambo hili tangu utoto, mimi napita mlangoni nasema lala salama."

"Hukukosea kitu, baba."

"Sijasema nimekosea. Nasema sikujua."

"Tunaweza kuondoka sasa hivi. Kuna rafiki yuko Salt Lake, ana chumba. Kazi nitapata. Sitaki uone haya kwa ajili..."

"Waondoke waende wapi?" mama aliruka kutoka kitini. "Na njaa hiyo? Verl, hakuna mtu aliyefunga atakayetoka mlango huu kabla ya kula. Lorin, weka hizo sahani mezani, umezikumbatia kama watoto mapacha."

Huyo ndiye Afton Sorensen. Dunia ingebomoka, angeuliza kwanza nani hajala. Mezani pakaja rosti, viazi vilivyopondwa kwa hasira vikawa laini ajabu, mchuzi, mikate midogo ya kuoka, mapichi ya chupa, na ile jeli ya kijani yenye karoti ambayo Lorin, tangu aione jana, alikuwa anaiogopa kimyakimya. Wakakaa wanne. Mvuke ukapanda kati yao.

Wakangoja.

Katika nyumba za kule, chakula hakiguswi mpaka kibarikiwe, na baba wa nyumba ndiye amtajaye wa kuomba. Thayne alikunja mikono akatazama sahani yake. Alijua hatatajwa. Ataomba mama, au baba mwenyewe ataomba, sala fupi ya mtu mwenye mzigo, na baada ya hapo kila Jumapili ya maisha yake jina lake litarukwa hivihivi, kwa adabu, bila ugomvi. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko chuo, kuliko umeme, kuliko macho ya Dada Madsen. Kurukwa.

Baba alisafisha koo.

"Thayne," alisema. "Omba."

Thayne aliinua uso. "Baba, nimekatazwa kuomba."

"Umekatazwa kuomba kanisani. Mimi naijua kanuni, ndiyo kazi yangu. Hili ni jiko la mama yako. Omba, chakula kinapoa."

Wakafumba macho. Chini ya meza mguu wa Lorin ulikuja ukagusa wake, ukatulia hapo. Thayne alitafuta maneno ya siku zote, yale anayoweza kuyasema akiwa usingizini, nayo yakaja: asante kwa chakula, asante kwa mikono iliyokiandaa, wabariki wagonjwa na wasionacho. Hapo ndipo sala ilipoishia kila siku. Angeweza kuishia hapo, na kila mtu angeshukuru.

"Na asante kwa Lorin," alisema, sauti ikampasuka. "Alikataa kula nikiwa na njaa. Baba wa mbinguni, kama ni kosa kukushukuru kwa ajili yake, nisamehe, lakini siwezi kukudanganya huku nimefumba macho. Asante kwa ajili yake. Mlinde popote atakapokuwa, na kama unaweza, mlinde akiwa karibu na mimi. Kwa jina la Yesu Kristo, amina."

"Amina," Lorin alisema, kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu.

"Amina," mama alisema.

Basi. Wawili. Kwao mtu huitikia amina kwa sauti, na maana yake ni kwamba sala hii ni yangu pia, nimeitia sahihi. Asiyekubali hunyamaza. Thayne hakufumbua macho. Alisikia kiti cha baba kikilia. Alisikia upepo, alisikia moyo wake, alisikia hata mafuta ya rosti yakichuruzika. Verl Sorensen hakuwahi kuitikia kitu asichokimaanisha, na kila mtu mezani pale alilijua hilo.

Mguu wa Lorin haukuondoka.

"Amina," baba alisema.

Ilitoka nzito, kwa mkwaruzo, kama gunia linaloburutwa sakafuni, lakini ilitoka yote. Thayne alipofumbua macho alimkuta baba yake akijifuta uso kwa leso ya mezani.

"Sijaelewa hata nusu ya sala hiyo," baba alisema. "Msinisukume. Mkinisukuma nitaanguka upande mbaya. Lakini nimeshaitikia, na mimi amina yangu sirudishi." Akachukua sinia la nyama, akalitazama, kisha akalinyoosha juu ya meza, akimruka mkewe, akimruka mwanawe, mpaka kwa mgeni. "Lorin. Anza wewe."

Lorin akapokea kwa mikono miwili. Akajipakulia nyama, na viazi, na kwa ushujaa mkubwa akajipakulia jeli ya kijani. Akachukua uma. Kisha akakaa hivyohivyo, uma mkononi, njaa ya tangu jana imemjaa machoni, akisubiri. Thayne alijipakulia haraka, akakata kipande cha nyama, akakitia mdomoni.

Ndipo Lorin naye akala.